Mnunuzi Mwenye Macho

Rafiki yangu mmoja, mtu wa biashara, hajabadilisha msimamo tangu nimfahamu. Serikali ijenge barabara, ikamate wezi, kisha ikae pembeni iwaache watu wafanye kazi. Siku moja tulikuwa tunabishana hayo kwa mara ya mia, akatoa simu yake akaibwaga mezani. "Hii nani kaitengeneza? Waziri?"

Nikamwomba afungue ramani. Ile nukta ya buluu ikajitokeza, ikahangaika kidogo, ikatulia palepale tulipokaa. Nikamwambia nukta hiyo ni kazi ya jeshi la Marekani. Akacheka, akidhani natania.

Sikuwa natania. Mfumo wa GPS, ndio unaoiweka nukta hiyo, ulianza kubuniwa mwaka 1973 ndani ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na setilaiti yake ya kwanza ikarushwa mwaka 1978. Urusi ina mfumo wake, GLONASS. China ina BeiDou. Umoja wa Ulaya una Galileo. Hiyo minne ndiyo inayoifunika dunia nzima, na hakuna hata mmoja ulioanzishwa na mfanyabiashara. Kila setilaiti hubeba saa za atomiki. Simu husikiliza mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, hupima kila wimbi limechukua muda gani kufika, kisha hupiga hesabu. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umeshapotea mita 300.

Kinachonivutia zaidi ni usiku mmoja wa mwanzoni mwa Mei 2000. Kwa miaka mingi jeshi lilikuwa likiyachafua makusudi mawimbi ya raia, hivi kwamba kifaa cha kawaida kiliweza kukosea hadi kama mita 100. Usiku ule, kwa amri ya Rais Clinton, uchafuzi huo ukazimwa. Hapakujengwa kiwanda, hapakutolewa ruzuku, hapakukatwa utepe. Ila kulipokucha, vifaa vilevile vya jana vilikuwa vinaona vizuri mara kumi zaidi, na biashara chungu nzima ambazo hazikuwa zimebuniwa, kuanzia kuita gari kwa simu hadi kufuatilia mzigo ukiwa njiani, zikapata mahali pa kusimama.

"Sawa," rafiki yangu akasema, "lakini hiyo ni bahati. Jeshi lilitaka kulenga makombora, biashara ikaokota makombo."

Maneno matamu hayo, na nilikosa jibu siku ile. Nimekaa nayo muda mrefu. Jibu nililolipata liko miaka mia mbili na hamsini na ushei kabla ya GPS, kwenye tatizo lilelile: mtu yuko katikati ya maji, anataka kujua yuko wapi.

Oktoba 1707, meli nne za kivita za Uingereza zikirudi nyumbani ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly usiku. Mabaharia zaidi ya 1,400 walikufa. Kosa halikuwa la ulevi wala woga, hawakujua walipo. Umbali wa kaskazini au kusini uliweza kupimwa kwa jua na nyota, lakini mashariki na magharibi ilikuwa ni kukisia. Dawa ilijulikana, ila hakuna aliyekuwa nayo. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa. Ukiwa baharini jua likakuonyesha kwamba ni adhuhuri hapo ulipo, na wakati huohuo una saa inayokwambia ni saa ngapi kule ulikotoka, tofauti ya hizo mbili ndiyo longitudo yako. Kwenye ikweta, sekunde nne za kosa ni maili moja ya baharini. Tatizo ni kwamba saa nzuri za wakati huo ziliendeshwa na timazi inayobembea, na timazi ndani ya meli inayopigwa na mawimbi haina tofauti na mlevi.

Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likatunga sheria. Hebu tazama lilichofanya na lisichofanya. Halikuanzisha shirika la saa. Halikumteua bingwa wala kumpa mtu mkopo wa masharti nafuu. Lilisema tu kwamba atakayeleta njia ya kujua longitudo kwa kosa lisilozidi nusu digrii atalipwa pauni 20,000, mali ya kutisha kwa wakati huo. Kosa la digrii moja, pauni 10,000. Na kipimo kikaandikwa ndani ya sheria yenyewe: meli isafiri kutoka Uingereza hadi visiwa vya Karibi, tuone.

Isaac Newton, alipoulizwa na wabunge, alitaja saa kama njia mojawapo lakini akasema saa ya namna hiyo bado haijatengenezwa. Wakubwa wa elimu walitarajia jibu litoke angani, kwenye mwezi na nyota. Likatoka kwa seremala. John Harrison alikuwa fundi wa mbao asiye na shule ya maana, na saa zake za mwanzo alizichonga kwa mbao hasa. Saa yake ya kwanza ya baharini ilikuwa dude la kilo 34 hivi. Ya nne, aliyoikamilisha mwaka 1759 baada ya miongo mitatu ya kukuna kichwa, ilikuwa na kipenyo cha sentimita 13, kama saa ya mfukoni iliyonenepa. Mwaka 1761 mwanawe William aliipakia melini kwenda Jamaika. Walipofika, baada ya bahari yote ile, ilikuwa imechelewa sekunde tano.

Hapo ndipo serikali ileile iliyotunga sheria safi ikaonyesha uso wake wa pili. Bodi ya Longitudo, kamati ya kuamua nani kashinda, ikasema huenda ni bahati. Jaribio la pili likafanywa mwaka 1764 hadi Barbados: kosa likawa sekunde 39, wakati sheria iliruhusu dakika mbili. Bado. Mwaka 1765 masharti yakaongezwa mbio zikiwa zimeshakwisha. Harrison aifungue saa yake na kueleza siri zake zote ndipo apewe nusu ya fedha. Nusu nyingine asubiri hadi saa nyingine za namna hiyo zitengenezwe. Ndani ya Bodi aliketi Nevil Maskelyne, mwanafalaki wa kifalme, ambaye njia aliyoipigia debe ilikuwa ya mwezi. Mshindani na mtahini kwenye kiti kimoja. Mzee alilipwa mwaka 1773, pauni 8,750, baada ya Mfalme George III mwenyewe kuingilia. Alikuwa na umri wa miaka 80.

Huwa nikiisoma habari hii siwezi kuamua nikasirike au nishangilie. Sheria ilikuwa nzuri kuliko nyingi za leo. Kamati ilikuwa kama kamati zote.

Nazijua kamati kwa sababu niliwahi kukaa upande wa pili wa meza. Miaka kadhaa nyuma, mimi na wenzangu wawili tuliomba zabuni katika ofisi moja ya umma, sitaitaja, iliyotaka programu ya kutunza kumbukumbu. Tuliitengeneza kabisa kabla ya kuomba, kwa ujana na ujinga, tukidhani kitu kinachofanya kazi kitajisemea. Tukaitia kwenye flashi, flashi ndani ya bahasha, bahasha ndani ya jalada lenye kurasa zaidi ya mia mbili: vyeti, viapo, mihuri, nakala tatu tatu. Tukashindwa. Ukurasa mmoja ulikosa saini. Tulipoenda kuchukua vitu vyetu, nikaitazama ile bahasha. Gundi haikuwa imeguswa.

Kushindwa kwenyewe hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kuelewa kwamba hata tungeshinda, bahasha ile isingefunguliwa. Pale ofisini hapakuwa na mtu ambaye angeweza kuiwasha ile programu akasema "hii nzuri" au "hii takataka". Walikuwa na fedha na walikuwa na uchungu na fedha hizo, ndiyo maana ya ile mihuri yote. Macho ndiyo hawakuwa nayo. Nikiwasikia watu wakibishana kama serikali iingie kwenye uchumi au itoke, mawazo yangu huenda kwenye ile gundi.

Mnunuzi mwenye macho ni kitu kingine kabisa, na mfano ninaoupenda ni chipu. Jack Kilby wa Texas Instruments alionyesha saketi unganishi, yaani chipu, ya kwanza mwaka 1958. Robert Noyce wa Fairchild akaja na yake, iliyokuwa rahisi zaidi kuzalishwa kwa wingi, mwaka 1959. Ubunifu wa kampuni binafsi, hilo halina ubishi. Lakini nani angenunua? Mwaka 1962 chipu moja iliuzwa kwa wastani wa dola 50, wakati transista, vile vipande vya kuwasha na kuzima umeme, zikiunganishwa moja moja kwa mkono zilifanya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo. Mwaka huo mnunuzi wa chipu nchini Marekani alikuwa mmoja tu, serikali, kwa ajili ya makombora ya Minuteman na kompyuta ya kuongoza chombo cha Apollo kwenda mwezini.

Na mnunuzi huyo alikuwa msumbufu. Wahandisi wa chuo cha MIT waliosanifu kompyuta ya Apollo waliamua mwanzoni kutumia aina moja tu ya saketi, maelfu yake, ili wanunue nyingi za namna moja na waujue udhaifu wake wote. Shehena ikiwa na kasoro inakataliwa. Kiwanda kinajifunza, kinarekebisha, kinazalisha tena. Mtu akijifunza kwa kuzalisha laki, bei hushuka. Kufikia mwaka 1968 wastani wa bei ulikuwa dola 2.33, na sehemu ya serikali katika soko ilikuwa imeshuka hadi asilimia 37 hivi. Nyingine zote zilinunuliwa na watu wa kawaida wa biashara, ambao mwaka 1962 wasingezigusa.

Noyce mwenyewe hakupenda kupokea fedha za serikali za utafiti. Aliona zinawafanya wahandisi wafuate matakwa ya ofisi badala ya kufuata bidhaa. Kuuzia serikali, hakusita. Tofauti hiyo, kati ya kulipwa kwa kujaribu na kulipwa kwa kuleta, ndiyo ninayoitafuta siku hizi kila ninaposoma habari ya mpango mpya wa viwanda mahali popote.

Kuna jambo jingine lililotangulia hapo, nalo halina hata senti ya ruzuku. Transista ilizaliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, mali ya AT&T, kampuni iliyohodhi simu za Marekani. Serikali ikaishtaki kwa ukiritimba mwaka 1949. Kesi ilipomalizika mwaka 1956, AT&T ilikubali kuwaruhusu wengine watumie hataza zake za zamani, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, maelfu yake, bila malipo, na isijitanue nje ya biashara ya simu. Ghala la maarifa likafunguliwa kwa amri ya mahakama. Rafiki yangu wa biashara husahau kwamba adui wa mfanyabiashara mdogo mara nyingi ni mfanyabiashara mkubwa.

Sasa nisije nikaonekana ninawapigia makofi watu wa serikali. Wizara ya biashara na viwanda ya Japani, MITI, husifiwa duniani kote kwa kuusukuma uchumi wa nchi ile baada ya vita. Wizara hiyohiyo iliisubirisha kampuni moja ndogo ya Tokyo ilipoomba kibali cha fedha za kigeni, dola 25,000, ili ilipie leseni ya transista mwaka 1953. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Sony. Miaka kumi baadaye wizara ilitaka watengenezaji wa magari wawe wachache, ikaandaa muswada uliomtia Honda, mtu wa pikipiki, kiwewe hadi akakimbilia kutoa magari yake ya kwanza kabla mlango haujafungwa. Muswada ukaanguka bungeni. Kukaa ofisini ukasema huyu atafaulu na yule hataweza ni kazi ambayo hata wataalamu wa MITI iliwashinda.

Korea Kusini ililikwepa tatizo hilo kwa ujanja ambao naona hausemwi vya kutosha. Park Chung-hee, jenerali aliyeingia kwa mapinduzi mwaka 1961, alizitaifisha benki na kuelekeza mikopo ya riba ndogo kwa wauzaji nje. Maafisa wake hawakuwa na uwezo zaidi wa kujua kitambaa kipi bora au meli ipi imara kuliko wa ofisi ile iliyoturudishia bahasha. Kwa hiyo waliazima macho. Kila mwezi rais aliketi na wafanyabiashara na mawaziri kupitia takwimu za mauzo ya nje: nani kauza, nani hakuuza. Mnunuzi wa ng'ambo hana undugu na waziri. Akikataa shati lako, hakuna simu ya kumpigia. Mwaka 1964 mauzo ya nje yalifika dola milioni 100 kwa mara ya kwanza, na nchi ikaifanya siku hiyo kuwa sikukuu.

Hesabu hiyo ililipiwa na wengine. Novemba 1970, Jeon Tae-il, kijana wa miaka 22 aliyefanya kazi kwenye karakana za kushona nguo jijini Seoul, alijichoma moto akitaka sheria ya kazi ambayo tayari ilikuwa imeandikwa itekelezwe. Serikali iliyokuwa na macho makali kwenye bandari ilikuwa imeyafumba kwenye vyumba vya cherehani, vya dari fupi na vumbi. Wanaoisifu Korea bila kumtaja kijana huyu wananichosha.

Taiwan ilikwenda njia nyingine. Taasisi yake ya utafiti wa viwanda, ITRI, iliundwa mwaka 1973, ikanunua ujuzi wa chipu kutoka kampuni ya RCA ya Marekani, ikawapeleka vijana kujifunza, kisha ikawaachia waondoke wakaanzishe kampuni. Mwaka 1987 ikazaliwa TSMC chini ya Morris Chang, serikali ikiweka karibu nusu ya mtaji, Philips ikichukua zaidi ya robo, na matajiri wa nchi wakibanwa na viongozi wachangie kilichobaki, wengine kwa shingo upande. Wazo lenyewe, kiwanda cha kuwatengenezea wengine chipu bila kuwa na chipu yake, wengi hawakuliamini. Mtu akinieleza kwamba soko peke yake lingeizaa TSMC, nitamsikiliza kwa heshima, kisha nitabadilisha mazungumzo.

Serikali hushindwa kwa namna nyingi, lakini ile inayogharimu zaidi ni kushindwa kuacha. Uingereza na Ufaransa zilisaini mkataba wa kutengeneza Concorde, ndege ya abiria yenye kasi kuliko sauti, mwaka 1962, na ndani ya mkataba hamkuwa na kifungu cha kujitoa. Mwaka 1964 serikali mpya ya Uingereza ilipotaka kuuvunja, ikakuta imejifunga kamba kwa mkono wake mwenyewe. Kutoka kungegharimu kama kubaki. Ndege ilikuwa nzuri ajabu. Zilitengenezwa 20, zikaingia kazini 14, zote katika mashirika ya nchi hizohizo mbili. Hakuna mnunuzi wa ng'ambo aliyetoa fedha zake akachukua hata moja na kuirusha kwa jina lake.

Mikopo nayo ina mtego wake. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, serikali ya Marekani iliidhamini kampuni ya sola ya Solyndra mkopo wa dola milioni 535, na mwaka 2010 ikaikopesha Tesla, kampuni ya magari ya umeme, milioni 465. Solyndra ilifilisika mwaka 2011, walipa kodi wakabeba hasara, na jina lake likawa tusi la kisiasa. Tesla ilirejesha yote na riba yake mwaka 2013, miaka tisa kabla ya muda. Basi. Faida kubwa iliyofuata, mlipa kodi hakuionja. Anayebeba hasara ya wanaoanguka na asipate fungu kwa wanaopaa hana daftari la biashara, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Inaelekea Washington walilitafakari hilo. Sheria ya chipu ya mwaka 2022 ilitenga dola bilioni 39 za kushawishi viwanda, na waliopata zaidi ya milioni 150 walitakiwa kugawana na serikali sehemu ya faida ikizidi makadirio. Kisha Agosti 2025, utawala mwingine ukiwa madarakani, ruzuku za kampuni ya chipu ya Intel zikageuzwa kuwa hisa, na serikali ikawa na takriban asilimia 10 ya kampuni.

Nilimtumia rafiki yangu habari hiyo siku ileile, nikijua itamuudhi. Akanipigia. "Umefurahi?" akauliza. Nikamwambia hapana, na si uongo. Ninachotaka kujua ni kitatokea nini siku jeshi litakapohitaji chipu, Intel ilete yake na mshindani alete yake, zote zipimwe, na ya mshindani ionekane bora. Mnunuzi ana hisa kwenye duka moja. Ni kama Maskelyne amerudi kwenye kiti chake.

Akanyamaza kidogo. "Na huyo seremala wako," akasema, "mwishowe alilipwa zote?"

Ukijumlisha na fedha alizokuwa akipewa kidogo kidogo njiani, nikamwambia, alipata zaidi ya pauni 20,000. Ila ile tuzo yenyewe, kwa jina lake, hakutangazwa kuishinda. Wala hakutangazwa mtu mwingine yeyote.